Mkono wa Kulia wa Pasi

Walimwita Pasi kwa sababu akikupitia, unanyooka. Jina hilo alilipata kwenye ghala la saruji, kabla hajavaa glavu hata siku moja, alipomlaza chini kwa ngumi moja mpakiaji mwenzake aliyemzidi kilo ishirini. Siku hiyo kocha wa ngumi alikuwa amekuja kununua mifuko miwili ya kuziba ukuta wa ukumbi wake. Akaondoka na mifuko miwili na bondia.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka sita alimjua mumewe zaidi kwa mikono. Yeye ndiye aliyefua zile bandeji ndefu anazofungwa bondia viganjani kabla ya glavu, akazianika, akazikunja. Mwanzoni alizikunja kinyume, kitanzi cha kidole gumba kikabaki ndani kabisa, na Pasi akajikuta chumbani anakunjua mita nne za kitambaa huku refa anamwita ulingoni.

"Mke wangu," alimwambia aliporudi na jicho limevimba, "leo nimepigwa na watu wawili, na mmoja wao nimemwoa."

Alipigana mapambano kumi na tisa, akashinda kumi na manne. Mkewe hakuwahi kwenda kutazama, roho yake isingestahimili. Alingoja picha. Na picha zote zilikuwa moja: refa ameushika mkono wa kulia wa Pasi na kuuinua juu, na Pasi anatazama pembeni kama mtu aliyeombwa aimbe. Alizibandika ukutani juu ya cherehani, zikawa zinamwangalia akishona.

Kisha akapata mimba. Siku moja, kwenye foleni ya kliniki, mwanamume mmoja alimsukuma na kumtolea maneno machafu. Pasi alirusha ngumi moja tu. Taya la yule bwana likavunjika, na Pasi akalala mahabusu siku nne. Alipotoka, mkewe hakumkaribisha ndani kwanza. Alisimama mlangoni, mkono tumboni.

"Ngumi zako ziishie ulingoni. Huku nje wakutukane mpaka wachoke wenyewe. Sitaki mtoto azaliwe baba yake yuko ndani. Niapie."

Pasi akaapa.

Sasa, mtu mwenye jina la ngumi hapiti mtaa asikutane na mwingine anayetaka kujipima. Tangu siku ile, kila alipochokozwa, Pasi alifunga mikono mgongoni na kuendelea na safari. "Mwalimu mkuu huyo, anakagua mistari," walimtania. Alicheka nao. Mwaka huohuo akachukua mkanda wa ubingwa, na wiki tatu baadaye mtoto akazaliwa, msichana mwenye ngumi zilizofumbwa barabara.

Miezi miwili baada ya hapo, saa kumi jioni, jua linawaka, Pasi alichomwa kisu mbele ya duka la kinyozi na kijana mlevi aliyetaka kupigana na bingwa. Alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika.

Msibani watu walisema jambo moja tu. Wapakiaji wa ghalani walilisema, kocha akalisema akilia, hata mama mkwe alilisema huku anatazama sakafu: "Bingwa mzima. Angeinua mkono mmoja tu." Hakuna aliyejua habari za kiapo. Mke alikaa kwenye mkeka, mtoto kifuani, akiyasikia maneno yale kila mara. Mimi ndiye niliyeifunga ile mikono, aliwaza. Nimemuua mume wangu kwa mdomo wangu.

Watu wakatawanyika. Nyumba ikabaki na sauti ya cherehani, na cherehani ikinyamaza, hakuna sauti. Alilala upande wake wa kitanda, upande wa pili akauacha umetandikwa. Kila Jumamosi alizifua zile bandeji zilizokwisha kuwa safi, akazianika, akazikunja vizuri, kitanzi nje, za mtu ambaye hangezifungua.

Katika vyombo vilivyobaki baada ya msiba kulikuwa na beseni dogo la bluu, jipya, lenye ufa ukingoni. Aliuliza majirani, hakuna aliyelidai. Akawa anamwogeshea mtoto humo, maji yakiishia chini ya ufa.

Swali moja lilimla. Je, mikono ilikuwa mgongoni? Aliyeona yote ni kinyozi, na kinyozi kila alipomwona mbele alivuka barabara. Wiki ya saba akapiga moyo konde, akambeba mtoto, akaenda asubuhi kabla wateja hawajaamka.

"Sikuja kunyoa, kaka."

"Najua, shemeji. Karibu kiti."

Kiti kilikuwa kimoja, cha kunyolea. Akakaa, wakawa wanaongea kwa kupitia kioo, yeye mbele, kinyozi amesimama nyuma yake anapangusa mashine iliyokwisha takata.

"Nataka kujua kitu kimoja. Mikono yake ilikuwa wapi?"

Kinyozi aliweka mashine chini.

"Wa kushoto niliushika mimi."

"Uliushika vipi?"

"Yule kijana alipoanza fujo, tuliogopa. Si kumwogopa yeye, shemeji, tulimwogopa Pasi. Nani asiyejua ngumi yake? Tukasema tumshike bingwa, atamuua mtoto wa watu. Nikamkumbatia mkono kwa nguvu zangu zote. Yule mwenye kisu hakuna aliyemshika." Akafuta uso kwa taulo la wateja. "Aliniambia, 'Niachie, kinyozi, mimi sipigani, nawahi nyumbani.' Sikumwachia. Ndiyo maana navuka barabara."

Mtoto alikuwa anavuta waya wa mashine. Mama yake akamzuia polepole.

"Na wa kulia? Alikuwa ameuweka mgongoni?"

"Mgongoni?" Kinyozi akashangaa. "Hapana. Ulikuwa juu." Akanyoosha wa kwake mpaka ukakaribia taa. "Hivi. Alikuwa ametoka kununua beseni la mtoto. Watu wakawa wanasukumana, akaliinua lisivunjike. Hata kisu kilipompata hakulishusha. Lilipasuka alipoanguka. Nililileta mimi, nikaliacha mlangoni kwako, nikakimbia."

Kwenye kioo alijiona amekaa, na nyuma yake mwanamume mzima mkono juu, analia. Hakumwambia amemsamehe, maana hakujua kama anaweza. Alisema tu, "Usivuke tena barabara, kaka. Tukikutana, tusalimiane."

Nyumbani alitenga maji, akayapima kwa kiwiko, akayamimina katika beseni mpaka chini ya ufa. Picha zilikuwa palepale ukutani, zote na mkono wao juu. Ile moja ambayo hakuna aliyeipiga aliiona bila kuangalia ukuta. Mtoto alipowekwa majini alifumbua ngumi zake, akaanza kupiga maji kwa viganja, yakamrukia mama yake usoni.

"Taratibu, mama," alimwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki saba kuongea kwa sauti ndani ya chumba kile. "Baba yako kalibeba hili kwa shida. Taratibu."

Kisha akamwacha apige maji atakavyo.