Nyuzi Tatu za Viatu vya Idi

Nassoro alipiga simu saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, nikiwa napiga pasi mashuka ya Madamu. Nassoro ni dereva wa nyumba ya mtaa wa nyuma, huku huku Abu Hamour, Doha, mtu wa Tanga kama mimi. Alikuwa asafiri Jumapili kwenda kula Idi nyumbani, na katika mzigo wake alitugawia kilo tano tano, mimi na Bi Rukia mpishi.

"Riziki, bosi kabadilisha tiketi. Naondoka leo."

"Leo?"

"Leo jioni. Saa saba kasoro robo napita madukani Najma kuchukua mizigo yenu, kisha nakwenda kufunga begi. Nisipowakuta, msinilaumu."

Nikamwambia sawa. Mimi si msemaji wa simu.

Bi Rukia alipopata habari alitupa mwiko ndani ya sinki. "Ya Rabi! Si tumepewa ruhusa ya kesho baada ya Ijumaa? Mie sijanunua hata kijiko!"

Hata mimi nilikuwa sijanunua. Idi, ile ya kuchinja, ilikuwa Jumanne. Tena maduka madogo ya Najma hufunga saa sita na nusu mchana, na hayafunguliwi mpaka saa kumi, wakati ambao Nassoro angekuwa njiani kwenda uwanjani. Bi Rukia akafunga mtandio, akaenda kumwomba Madamu. Alirudi mbio.

"Tumeruhusiwa. Lakini chakula kiwe mezani saa nane. Wali nimeshauweka tayari. Haya mtoto, mbona umesimama? Vaa abaya!"

Nilikuwa nimesimama kwa sababu nilikuwa nafungua kopo langu la maziwa ya unga, nililokuwa naliweka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na nyuzi tatu. Nikazifunga kwenye ncha ya leso, nikatoka.

Nyuzi hizo alinitumia mama mwezi wa Ramadhani, kwa mkono wa dada mmoja aliyekuja kufanya kazi mtaa wa Al Mansoura. Nyekundu ni mguu wa Shamimu, mwenye miaka kumi na mmoja. Nyeusi ni mguu wa Iddi. Ya kijani, ya sufi, ni ya Kheri, kitinda mimba wetu, ambaye nilimwacha ananyonya. Kila uzi una fundo. Kutoka mwanzo wa uzi hadi fundo ndio mguu wenyewe, na mkia unaobaki baada ya fundo ni nafasi ya kukua. Mama hakuandika barua. Mama hajui kuandika, na mimi shule niliiachia darasa la tano, nikakaa naye kusuka ukili wa mikeka. Lakini uzi nausoma vizuri kuliko karatasi.

Alizituma kwa sababu ya mwaka ule wa nyuma. Ile ilikuwa Idi yangu ya kwanza Doha. Nilinunua viatu kwa kukisia, nikiwakumbuka wadogo zangu kama nilivyowaacha, kumbe wao hawakunisubiri. Shamimu alivaa viatu vinavyombana mpaka uwanja wa Idi, huko vikamshinda, akarudi navyo mkononi, anapita mbele za watu kwa miguu mitupu. Jirani mmoja akamwambia mama, "Mwanao anaogelea katika pesa za Waarabu, hata mguu wa mdogo wake haujui?" Mama hakunificha, aliniambia maneno yale kama yalivyosemwa. Nililia nikiwa naosha choo cha Madamu, na nikaapa kwamba maneno yale hayatasemwa tena mlangoni kwetu.

Tulifika Najma saa nne na nusu. Bi Rukia alikuwa na karatasi ndefu aliyoandikiwa na mwanawe Asya, anayekaa Temeke. Ilikuwa na majina ishirini na kitu, wajukuu, mashoga, mpaka imamu wa msikitini. Alipoteremka tu kwenye teksi alikwenda duka la manukato, akatoka, akaingia la vitambaa, akatoka, akarudi la manukato.

"Bi Rukia," nilimwambia, "tuanze na viatu."

"Viatu vya mwisho! Vinachukua muda."

"Ndiyo maana."

Aliniangalia kama mtu anayesikia paka anaongea. Lakini alinifuata. Mimi nilikuwa nimeshafanya mahesabu yangu tangu Ramadhani, kila nikipiga pasi. Nguo ikizidi hukunjwa pindo. Kiatu hakikunjwi. Basi ningenunua viatu kwanza, kwa utulivu, na muda utakaobaki ndio wa mengine.

Mwenye duka la viatu alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Aliuliza kwa kile Kiarabu chetu sote wageni, "Namba kam?" yaani namba ngapi. Nikamwonyesha uzi.

"Hadha shinu?" alicheka, yaani hiki nini.

Bi Rukia naye akacheka. "Mwenzangu huyo bibi nyuzi. Hebu tazama wenye namba zao." Akafungua karatasi. "Nasra, thelathini na mbili. Suleshi, ishirini na tisa."

Mzee alileta viatu. Bi Rukia aligeuza soli ya kwanza, akasoma kumi na tatu. Ya pili, moja. Ya tatu, mbili. Akageuza zote kisha akaanza upya.

"Hizi namba za wapi tena? Wajukuu wangu wana miguu ya thelathini, hawa wananiletea moja na mbili!"

Mzee alimwambia achukue tu, zote ni sawa sawa. Jasho likaanza kumtoka Bi Rukia puani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni, naingiza uzi mwekundu ndani ya kiatu cha Shamimu. Uzi ukilala wote mpaka mkiani bila kujikunja, kiatu kinatosha. Ukijikunja, ni kifupi. Cha tatu kilitosha. Nikapata na vya Iddi, vyeusi, vya kufunga kamba, kama alivyotaka.

Niliposimama nilimwona Bi Rukia amekaa kwenye kiboksi, karatasi imelowa mkononi. Mwanamke yule huwafokea hata mafundi wa jiko, na sasa alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Bi Rukia," nilimwambia taratibu, "ile noti ya nyumbani unayo?"

"Noti gani saa hizi?"

"Ile ya elfu. Ya nauli ya siku utakayorudi." Alikuwa ameshatuonyesha mara nyingi ndani ya pochi.

"Unataka kununulia nini hapa, mtoto wewe?"

"Sinunui. Asya naye hatakosa noti ya elfu. Zinalingana. Mpigie, amkanyagishe Nasra juu ya noti, akwambie mguu umefika wapi."

Akatoa simu. Nilimsikia Asya akipiga kelele upande wa pili, "Mama, nimkanyagishe nini?" Kisha kicheko cha mtoto anayetekenywa. Mguu wa Nasra ulikuwa noti moja na nusu. Wa Suleshi noti moja na robo, na upana wa kidole. Nikaikunja noti ya Bi Rukia, nikaipanga ndani ya viatu, nikaongeza kidole kimoja cha kukulia. Mzee wa duka aliacha kazi zake akaja kutazama. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Muhandis," alisema, akininyooshea kidole. Fundi mkubwa, mhandisi.

Niliona haya, nikatazama chini.

Vya mama nilivijaribu mguuni mwangu. Hakutuma uzi wake, wala nisingetegemea autume. Lakini mimi na mama tulikuwa na jozi moja ya viatu vya kutokea. Akienda yeye arusini, mimi nabaki, nikienda mimi, yeye anabaki. Nikachukua vya kahawia vyenye kisigino kifupi, nikatembea navyo hatua nne kwenye zulia la duka.

Vya Kheri ndivyo vilivyokuwa vya mwisho. Bi Rukia sasa alikuwa amechangamka, anataka kunisaidia. "Lete huo wa kijani, muda unakwisha." Akauvuta uzi kwa mikono miwili, akaulinganisha na kiatu chekundu chenye taa zinazowaka kisiginoni. "Huu hapa, sawasawa kabisa. Twende!"

Tukalipa, tukatoka. Manukato, madera, kanzu ya Iddi, vyote tulivipata mtaa ule ule, kwa sababu hatukuwa na la kutafakari tena. Nilikuwa nashika mifuko kwa mkono mmoja, na mkononi mwingine nyuzi. Hapo ndipo nilipouona uzi wa kijani. Ulikuwa umejikunyata kiganjani kama kiwavi, mfupi kuliko ulivyokuwa dukani.

Nilisimama katikati ya njia.

Sufi huvutika. Nyuzi nyingine mbili ni za pamba, ukizivuta zinabaki vile vile. Na mama hapimi kwa kuvuta. Ukili ukiupima unaulaza chini, unauacha upumue, ndipo unaweka mkono. Ukiuvuta, mkeka unakuja kupinda. Alinipiga kofi la mgongo kwa kosa hilo nikiwa na miaka saba. Kwa hiyo kiatu chenye taa kilikuwa kikubwa, na Kheri angekiburuza uwanjani mbele ya yule jirani.

"Bi Rukia, tunarudi."

"Saa sita na dakika ishirini na nane! Wanafunga!"

Nilikimbia. Mzee alikuwa ameshaishusha shata, lile bati la mlango, mpaka usawa wa kiuno, funguo mkononi. Ningekuwa yule Riziki wa asubuhi ningesimama pembeni nikatazama chini, mpaka iguse ardhi.

"Baba, shwaya!" Sauti ilitoka kubwa hata mimi nikashtuka. "Shwaya! Kidogo tu, usifunge!"

Mtaa mzima uligeuka. Bi Rukia nyuma yangu akasema, "Kumbe una koo!"

Mzee alinitazama, akanitambua, akacheka. Akaipandisha shata kidogo. "Muhandis, yalla, dakika mbili."

Niliingia kwa kuinama. Niliulaza uzi wa kijani sakafuni, sikuugusa, nikausubiri utulie. Kisha nikaweka kiatu kando yake. Kweli, kilizidi vidole viwili. Nikaomba vidogo vyake. Taa zilikuwepo, rangi ile ile. Uzi uliingia, ukalala, mkia haukukunjika. Nikamrudishia vile vikubwa, nikatoka chini ya shata na kiboksi kifuani.

Saa saba kasoro robo Nassoro alitukuta tumekaa juu ya mifuko yetu, tunakula sambusa. Alipima mizigo kwa mkono. "Nilijua nitawakuta mnalia," alisema. "Dada zangu, mmefanyaje?"

"Muulize mhandisi," alisema Bi Rukia. "Mie nilikuwa kibarua wake."

Chakula kilikuwa mezani saa nane kamili.

Siku ya Idi nilipiga simu nyumbani mapema, kabla nyumba ya Madamu haijajaa wageni. Mama alipokea huku kukiwa na kelele.

"Vimewaenea?" niliuliza. Hata salamu nilisahau.

"Shamimu katoka uwanjani na viatu mguuni," alisema mama. "Mguuni, Riziki. Kapita pale mlangoni kwa jirani taratibu, kama anahesabu mawe. Na Kheri kalala navyo usiku, kazi yake kugonga kisigino ukutani taa ziwake."

"Na jirani?"

"Kauliza nani kakupa vipimo. Nikamwambia mwanangu anavijua." Kisha akauliza, "Lakini vyangu ulipimaje? Mimi sikukutumia uzi."

"Nilivivaa mwenyewe."

Nilisikia visigino vikitembea sakafuni, hatua nne, tano, vikirudi.

"Kwa Idi nyingine nikutumie nyuzi lini?" aliuliza.

"Usiharakishe, mama," nilimwambia. "Waache wakue kwanza. Ila ya Kheri iwe ya pamba."