Buti la Magesa

Wanawake wa ukoo wa Apolonia walifinyanga vyungu tangu enzi za bibi zake, na hakuna aliyewacheka. Lakini alipoacha vyungu akaanza kufinyanga vitu, mji mzima wa Buseresere ulipata la kuzungumza. Alifinyanga ndala iliyokatika mkanda. Alifinyanga birika lenye mdomo uliopinda, tochi ya kichwani, kijiko. Chungu utapikia, mayu, ndala ya udongo utaivaa wapi? Walimuuliza hivyo sokoni, wakimwita mama kwa Kisukuma, huku wakishikana mabega kwa kicheko, na wao wenyewe sebuleni wamejaza maua ya plastiki.

Angewaeleza nini? Mwanawe wa pekee, Magesa, alifukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Wenzake walimtoa, wakamzika, wakamletea mama vitu vyake kwenye mfuko wa sandarusi. Apolonia alikaa navyo akivitazama, hata mikono ikaanza kuviiga yenyewe. Hapo akagundua jambo ambalo vyungu havikuwahi kumfundisha: kitu kilichotumika hubaki na tabia za mwenyewe. Buti la mpira la Magesa lilikuwa limelika kisigino upande wa nje, kwa sababu mtoto yule alikanyaga hivyo tangu alipojifunza kusimama. Kisigino hicho kilimtesa. Alikibomoa, akakianza upya, akakibomoa tena. Buti lilipokamilika, likiwa tupu ndani ili moto usilipasue, alililainisha kwa gunzi la hindi akalichoma kwa samadi kavu. Lilipopoa alilipakata, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Alichotaka kilikuwa kidogo tu. Alitaka mtu mmoja avitazame vitu vile, aone kwamba Magesa aliishi.

Mtu huyo akaja. Alikuwa Masudi, aliyechimba shimo moja na Magesa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Masudi aliiokota ndala ya udongo, akaigeuzageuza bila haraka. "Hii ni yake kabisa," alisema. "Mama, una mkono."

Apolonia alisikia kifua kinafunguka. Masudi akainunua ndala, kisha akarudi na wenzake wakachukua birika, tochi na kijiko, wala hawakubishania bei. Sokoni watu wakanyamaza. Apolonia akaanza kupita katikati yao kichwa juu, na kwa kweli alikuwa na haki. Masudi alipoomba buti, alimkatalia. Alipoomba tena, machozi yakimlengalenga, alimpa. Hakumuuzia. Alimpa kama mama anavyompa mtoto kitu cha ndugu yake, akamwambia jinsi alivyolililia.

Masudi alirudi kwa pikipiki akiwa amebeba doti ya kitenge, anacheka kabla hajashuka.

"Mama, duara limetema! Dhahabu yenyewe! Mganga hakutudanganya."

"Mganga gani?"

Akamweleza, tena kwa furaha, bila kupepesa macho. Walikuwa wamechimba mawe matupu mpaka wakakata tamaa. Mganga akawaambia ardhi haiwezi kumnyima mama ambaye imemchukulia mtoto, hivyo watafute kitu alichokitengeneza kwa mikono yake.

"Ndala tuliivunja mdomoni mwa shimo, wapi! Birika nalo bure. Lakini buti, mama! Tulilisaga, tukanyunyiza unga wake kule chini."

"Mmelisaga."

"Laini kabisa," alisema Masudi, kama anayemhakikishia kwamba kazi haikulipuliwa.

Apolonia alitamani kumpiga kwa mchi wa kinu. Huyu ndiye aliyeitazama kazi yake kuliko wote, naye hakuona mtu humo, aliona dawa. Wale wa sokoni waliomcheka angalau waliiona ndala.

"Sasa tunahitaji lingine," Masudi aliendelea, sauti ikishuka kwa adabu. "Na mganga anasema, usikasirike mama, ulifinyange huku unalia. Lile la kwanza si ulilia?"

Apolonia alivuta bonge la udongo mbichi, akalikandamiza kwa viganja.

"Vua buti lako."

"Langu? Si unalo la Magesa?"

"La Magesa nimeshalililia. Kama mnataka machozi mapya, vua lako nilitazame."

Masudi aliitazama miguu yake. Mabuti yalikuwa na tope la shimoni, na la kulia mpira wake ulikuwa umeanza kupasuka kwenye kidole gumba. Kicheko kilimtoka usoni. Akaivuta miguu na kuificha chini ya kiti.

"Mama, usiniapize."

"Sikuapizi, mwanangu. Nataka mguu wako niupatie sawasawa. Nimeona unakanyagia kidole."

Masudi alisimama, akaiendea pikipiki bila kuaga, akaondoka. Kitenge kilibaki juu ya kiti.

Apolonia alitegemea kufurahi kwa kumtisha, lakini hakufurahi. Aliingia ndani akalileta buti la mpira la Magesa, akaliweka mbele yake, akaanza tena kwenye kisigino. Mikono haikuwa imesahau. Lakini machozi yalipoanza kuja, aliyafuta haraka kwa kiwiko kabla hayajadondoka kwenye udongo, kwa sababu sasa yalikuwa na wateja.