Kamera Iliyopiga Kipaimara

Jumamosi binti yangu Agnella alikuwa apige picha za harusi kijijini Kisawasawa, kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Kamera ikigoma katikati ya misa, bibi harusi harudii kuvishwa pete, na Agnella haitwi tena bonde zima. Ndiyo maana nilifuatana naye Ifakara mjini, dukani kwa Haidari, muuza vyombo vya mtumba.

"Shikamoo mama. Leo na wewe umekuja kupiga selfi?"

"Marahaba. Nimekuja kuangalia unachomuuzia mwanangu."

Akacheka, akatoa kamera nyeusi inayong'aa. Agnella akaipakata kama kichanga.

"Mama, hii kali!"

"Shata yake imechoka kiasi gani?" nikauliza. Agnella alinieleza njiani: shata ni kipazia cha ndani, kinafunguka na kujifunga kila picha, na umri wake unahesabiwa kwa picha.

"Mbichi kabisa. Mwenyewe mtu wa kanisani kwenu, anapiga kipaimara tu. Mara moja kwa mwaka kila parokia, basi."

Nikamtazama. Maskini, hajui.

"Haidari mwanangu, umewahi kuona kipaimara?"

"Si mnapakwa mafuta, mnaenda kula pilau?"

"Mwaka jana kwetu watoto walikuwa mia tatu na arobaini. Kila mmoja na askofu, kila mmoja na msimamizi wake, na wazazi, na mashangazi waliotoka Kidatu. Akifumba macho, anarudiwa. Kesho yake askofu yuko parokia nyingine, na huyo bwana yuko nyuma yake."

Agnella akaiweka kamera mezani, polepole.

Tukapiga picha moja, tukapeleka kadi steshenari ya jirani, kwa Hilari. Kompyuta ikasoma: imeshapiga mara laki moja na arobaini na mbili elfu.

"Hii inasubiri padri aje na mpako wa wagonjwa," Hilari akasema.

Haidari akashika kichwa. "Wallahi mama, nilidhani mnapiga moja ya pamoja, kama ya shule!"

Nilimwamini. Tuliporudi dukani kwake akainama chini ya kaunta, akatoa nyingine, mpira umebanduka, ubavuni imebandikwa plasta. Ilikuwa ya mpima viwanja. Tukampelekea Hilari kadi yake, akasoma: picha elfu kumi na moja.

"Mama, nitaonekana kituko," Agnella akaninong'oneza.

"Nani atakutazama wewe, bibi harusi yupo?"

Akaichukua. Jumamosi ilipiga toka bibi harusi anatolewa ndani, ikapiga pete, ikapiga keki, mpaka jioni wapishi wakaomba nao wapigwe na masufuria yao. Agnella akawapiga mara tatu, maana mmoja alifumba macho.