Sauti Nyuma ya Kamera

Mama Taa aliifikisha diski kwa fundi ikiwa ndani ya soksi ya marehemu mumewe, na fundi aliponyoosha mkono kuitoa, akamzuia kwanza.

"Taratibu, fundi. Ndiyo iliyobaki hiyo."

Jina la Mama Taa lilimpata kazini. Mumewe alikuwa mpiga video wa harusi, yeye mshika taa, na miaka yote waliyozunguka kumbi za watu hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina jingine. Ubaya wa kazi hiyo ni kwamba anayepiga picha hapigwi. Mume alifariki akiacha picha mbili tatu za vitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Sura yake Mama Taa aliikumbuka bila shida. Kilichokuwa kinamponyoka ni sauti. Mwanzoni ilikuwa ikimjia yenyewe, akifua au akitandika kitanda. Siku hizi alikuwa akiiita na haiji, na hilo lilimtia hofu kuliko upweke wenyewe. Ujumbe wa sauti mzee hakuwahi kutuma, akidai kuongea na simu isiyojibu ni wazimu. Katika filamu alizowakabidhi maharusi alikuwa amejifuta kabisa na kuweka muziki juu yake. "Harusi si yangu," ndivyo alivyokuwa akisema. Sauti yake ilibaki kwenye video ghafi tu, zile ambazo hazijakatwa wala kupangwa, na hizo zote zilikuwa kwenye diski hii. Nakala hakuweka. Akishahamishia kitu kwenye diski alikuwa anafuta kwenye kamera papo hapo, na ukimuuliza anakwambia, "Kitu kimoja, mahali pamoja. Vya nini viwili?"

"Imeangushwa na wifi yangu," Mama Taa alimwambia fundi kabla hajaulizwa. "Alikuja kunisaidia usafi. Nikamwambia, meza hiyo iache. Wapi! Akapangusa vumbi, waya akaukumba, diski chini. Tangu siku hiyo hatusemeshani."

"Ikaanguka. Halafu?"

"Halafu ukiichomeka inagonga. Tak, tak, tak."

"Mkaizima mkaiacha?"

Mama Taa akaikodolea soksi. "Nilikuwa naijaribu kila asubuhi. Nasema, pengine leo itakubali."

Fundi akavua miwani. Alikuwa mtu mpole, na ilionekana hapendi anachotaka kusema.

"Mama, ndani humu kuna sahani, na kuna kichwa kidogo kinachoisoma bila kuigusa. Ilipoanguka, kichwa kiliharibika. Hapo ningekutengenezea. Lakini kila ulipoichomeka, kile kichwa kibovu kilikuwa kinakwaruza sahani yenyewe, na kilichomo ndani ndicho kinachokwanguka."

Maneno yalimshuka Mama Taa polepole mpaka yakafika. Alimtamani mume wake, akawa anamkwangua kwa mikono yake mwenyewe asubuhi baada ya asubuhi, na muda wote huo lawama kambebesha wifi.

"Niachie," fundi akasema. "Nitaifungua kwenye kabati lisiloingia vumbi, niibadilishie kichwa. Ikikubali nitainakili yote kwenye diski nyingine iliyo nzima, nifanyie kazi ile nakala, hii tusiisumbue tena. Ila usitegemee sana."

Usitegemee sana! Kama vile moyo una swichi. Mama Taa alirudi nyumbani akawa anaruka kila simu inapolia. Aliutoa mkoba wa kamera kabatini, akaunusa, akaurudisha. Alitamka kwa sauti maneno aliyokumbuka mumewe akiyasema, akajisikia yeye mwenyewe tu, na chumba kikazidi kuwa kikubwa.

Fundi alipopiga hakuongea kama mtu mwenye habari njema. "Njoo tu, mama."

Kwenye kompyuta faili zilikuwa kibao. Mama Taa alitaka kupiga kigelegele, fundi akainua kiganja.

"Zimekatika zote. Nimepata mwanzo wa kila video, sekunde chache, kisha hakuna kitu. Hakuna harusi hata moja iliyopona. Samahani sana."

"Fungua moja."

Skrini ikaonyesha sakafu, ncha ya zulia na viatu vyeusi vya mtu. Kisha, karibu kabisa na maikrofoni, mtu huyo akakohoa.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Leo mshika taa wangu kanuna, kisa sijasifia kilemba. Moja, mbili. Kilemba kizuri. Haya, tayari."

Giza.

Mama Taa akashika ukingo wa meza. Kupima maikrofoni! Kila alipowasha kamera mzee alikuwa akiielekeza chini na kubwabwaja lolote lililomjia, na kipande hicho ndicho alichokuwa akikikata cha kwanza. Wakati huo mkewe yuko upande wa pili wa ukumbi, anahangaika na waya za taa. Hakuwahi kusikia anasema nini.

"Nyingine," Mama Taa akasema.

"Moja, mbili. Mvua imetunyeshea, mshika taa kavua viatu, anatembea peku kama msichana. Mzuri huyu mwanamke. Moja, mbili."

Fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mama Taa alilia waziwazi, kwa furaha na kwa uchungu wa kuambiwa mambo hayo leo, wakati hana wa kumjibu.

Walipomaliza, fundi akampa masharti. "Nakala tatu, mama. Moja kwenye kompyuta yako. Moja kwenye diski mpya, uichomoe uifungie kabatini. Ya tatu ilale nyumba nyingine, maana moto na mwizi hawabishi hodi. Na uwe unazifungua mara kwa mara kuona kama bado zinasomeka. Una nyumba nyingine unayoiamini?"

Alikuwa nayo moja tu.

Wifi alifungua mlango, kitambaa cha vumbi mkononi. "Umekuja kunitukania mlangoni au unaingia?"

"Naingia. Diski nimeiua mimi, wifi. Fundi kasema. Wewe uliiangusha tu."

"Tu!"

"Tu. Nisamehe. Na hii hapa, nakala ya tatu, ni ya kwako, uitunze. Usiipanguse vumbi."

Wifi akataka kununa, kicheko kikamshinda. Wakakaa bega kwa bega mbele ya kompyuta, wakafungua video moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa imerekodiwa nyumbani, maikrofoni ikiwa mpya. Ilionyesha miguu ya meza, na kwa mbali Mama Taa mwenyewe alisikika akiita kutoka jikoni, "We baba! Chakula kinapoa!"

"Moja, mbili. Nakuja, mke wangu. Nakuja sasa hivi."

Giza.

Wifi akajifuta macho kwa kile kitambaa cha vumbi. "Mwongo huyo," akasema. "Tangu mdogo. Akisema anakuja, haji."

"Irudishe," Mama Taa akasema. "Irudishe aseme tena."