Laptopu ya Milimita

Mafundi wenzake walimwita Milimita, kwa sababu kabati likipishana na ukuta hata kwa unene wa ukucha, alilibandua na kuanza upya. Alikuwa seremala wa makabati ya jikoni. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyeendesha ofisi: kupokea simu, kuandika makadirio, kutuliza wateja. Waliozoea kusikia kwamba mawifi hawaivi chungu kimoja waliwashangaa hawa wawili, mwaka wa saba sasa wakila meza moja.

Shida yao ilikuwa michoro. Milimita alichora kwenye karatasi nyumbani kwa mteja, wifi akainakili ofisini kwenye kompyuta. Ikafika siku tarakimu ya tatu ikasomwa kama nane, zikatengenezwa droo zisizoingia popote. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, lakini kesho yake walifunga karakana mapema wakaenda dukani.

Muuzaji, bwana mmoja mpole, aliwawekea laptopu mbili mezani. Ya kwanza kioo chake kiligeuka hadi nyuma, kibodi ikabaki chini, nzima ikawa tableti. Ya pili ilikuwa tableti hasa. Kibodi yake ilinasa kwa sumaku na kubanduka. Zote zilikuja na kalamu ya kuchorea juu ya kioo.

Wifi aliipenda ya kwanza papo hapo. Vitufe vyake vilikuwa imara, na ilikaa mapajani bila kuyumba.

Muuzaji akauliza wataitumiaje. Milimita akaeleza kwamba yeye huchora amesimama, maana jiko lililobomolewa halina meza. Bwana yule akamwambia basi aijaribu hivyo hivyo.

Akaiweka ya kwanza juu ya mkono wa kushoto, akaanza kuchora rafu za duka. Mistari ilitoka safi. Lakini hakuwa amefika rafu ya pili wifi alipoona kompyuta inatetemeka. Milimita akaiegemeza kiunoni, kisha akaitua mezani taratibu.

"Nzito?" wifi aliuliza.

"Kidogo tu."

"Wifi, mkono una nini?"

Ikabidi aseme. Miezi mitano nyuma aliteleza kwenye ngazi. Alidai ni mchubuko, akafunga kitambaa wiki moja, akakitoa. Tangu hapo mbao alizibeba kwa mkono wa kulia na kuzisukuma kwa nyonga.

"Ningekwambia, ungeniweka ofisini," alisema. "Na mimi ofisini nitakufa nikiwa na afya njema."

Wifi hakucheka. Aliona haya. Siku zote hizo walikula pamoja, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mwenzake anamega mkate kwa mkono mmoja.

Akamsogezea ile ya pili. Milimita akachora rafu tatu, milango na vishikio vyake, na mkono ukatulia. Wifi naye akajaribu kibodi yake: nyembamba, ikibonyea kama mkeka, na mapajani ikaanguka chali. Akamwambia muuzaji wanachukua hiyo.

Milimita akapinga. Atakayegonga vitufe hivyo kutwa nzima si yeye, akasema, ni wifi.

"Mimi nina meza," wifi alijibu. "Wewe huna."

Akauliza kama wanaweza kuunganisha kibodi ya kawaida pale ofisini. Wanaweza, muuzaji akasema, akawaonyesha na kifuko chenye mkanda wa kupitishia kiganja.

Kutoka dukani hawakurudi karakana, walikwenda hospitali. Milimita alikumbusha kwamba kuna mteja anasubiri. Wifi alikuwa ameshampigia kuahirisha. Daktari alitazama picha ya mfupa, akasema umeunga vibaya kidogo, lakini haujaharibika. Mazoezi kila siku, na miezi miwili asibebe mbao. Kuchora, ruksa.

Mteja wa kwanza wa kompyuta ile alikuwa mwalimu mstaafu, aliyeomba kalamu akachora dirisha palipokuwa na ukuta wa jirani. Milimita akalifuta, akamchorea kioo kirefu cha kujitazamia badala yake, na mzee akaridhika. Wifi aliupokea mchoro ofisini kabla Milimita hajarudi, tarakimu zake zikisomeka moja moja.

Mwezi wa tatu tangu waende kwa daktari, Milimita aliinua ubao kwa mikono miwili. Wifi alikuwa mlangoni na vikombe vya chai. Akasubiri hadi ubao ukakaa mahali pake, ndipo akaingia, akauliza sukari vijiko vingapi, kana kwamba hajui.