Minazi Ipunguzwe

Watu wa hapa Diani wakisimulia habari ya kiwanja cha ndege husema Mwanatumu alikubali mwenyewe, akatia dole gumba mwenyewe, sasa analalamikia nini. Wallahi, kila nikisikia hivyo damu hunichemka. Dole nilitia, sikatai. Lakini nililitia kwa neno moja, na neno hilo nataka nilieleze mimi, kwa sababu wanaume waliokuwapo siku ile wanajitia hamnazo mpaka leo.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Mume wangu alikuwa amekufa miaka minne nyuma, nami sikuachiwa ardhi hata shibiri moja. Ardhi tuliyokaa ilikuwa ya shemeji yangu Abdurahman, kaka wa marehemu. Changu mimi kilikuwa minazi, thelathini na mmoja, niliyopewa siku ya ndoa kuwa mahari yangu, mbele ya mashahidi. Kwetu sisi ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mwenye minazi ana haki ya kukaa chini yake, aitunze, aangue nazi zake, asuke makuti yake, na mwenye ardhi hawezi kumwambia ondoka. Ila minazi ikifa, haki nayo imekufa. Abdurahman alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Kila mwaka alikuwa akipita pale akitazama juu, kisha ananiuliza, "Shemeji, minazi yako haizeeki?" Namjibu, "Inakungoja wewe utangulie."

Niliishi pale na mwanangu mmoja tu, Salimu, wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mkwezi, yeye ndiye aliyeniangulia nazi. Kijana mpole, mwenye haya, hata kununua chumvi akibadilishiwa vibaya harudi dukani.

Kiwanja chenyewe kilikuwa ukanda wa majani nyuma ya kijiji, ambapo Mzungu mwenye hoteli ya ufukweni aliwashushia wageni wake. Mwanzo kilikuja kindege kimoja, watoto wakakikimbilia wakicheka. Mwaka haukuisha, zikawa tatu, na zote siku ya Ijumaa, maana wageni walitaka Jumamosi iwakute wamekwisha kulala hapa. Na njia yao ya kushuka ilikuwa juu ya msikiti, chini chini, unaona hata magurudumu.

Imamu wetu, Mwalimu Suleiman, alikuwa akifika katikati ya hotuba, ngurumo hiyo inakuja. Ananyamaza, fimbo mkononi, anangoja. Akianza tena, ya pili hiyo. Watu wakawa wanatoka kwenye sala wamekunja nyuso kama waliotoka kugombana. Kuku wangu alikuwa ameatamia, akayaacha mayai hakurudi. Kisha ikaja habari kwamba kiwanja kitaongezwa urefu, ipate kutua ndege kubwa ya injini mbili. Hapo ndipo watu wakapandwa na mori. Ijumaa moja mtu akarusha jiwe, kioo cha ndege kikapasuka, na kesho yake askari wakaja kutoka Kwale wakachukua watu wawili. Mmoja wao alikuwa muadhini.

Ndipo Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, akaitisha baraza. Likafanyika uwanja wa chuo cha Kurani, penye kivuli cha banda. Wanaume wakakaa mbele, sisi wanawake tukawekwa nyuma ya ukuta wa makuti uliosimamishwa asubuhi ile ile. Makuti nilisuka mwenyewe, na mimi nikisuka kuti halipenyi hata jicho. Tulisikia kila kitu, hatukuona kitu.

Bwana Shauri alisema Kizungu chake, na karani wake akatufasiria. Karani huyo aliitwa Nzai, mtu wa Kinango, kijana mwenye adabu, Kiswahili chake kizuri isipokuwa kilikuwa na vumbi la bara kidogo. Alisema serikali haitaki ugomvi. Kiwanja kitaongezwa upande wa kusini, kwenye ardhi ya Abdurahman, na ndege zitashukia upande huo, ziuache msikiti kabisa. Wale wawili watafunguliwa. Ila kule mwisho wa kiwanja kuna minazi, na minazi ile lazima ipunguzwe.

Hakuna aliyeuliza ni minazi ya nani. Nyuma ya ukuta wanawake wote walinigeukia. Mke wa Mwalimu Suleiman akanishika mkono, akaniambia, "Bi Mwanatumu, tufanyie hisani. Muadhini ana watoto sita." Mbele kulikuwa kimya. Kimya kirefu, nakumbuka, mpaka nikasikia mtu akikohoa. Nikadhani wananionea haya.

Baadaye Nzai akaja upande wetu na karatasi na wino. "Bi Mwanatumu, unakubali minazi ipunguzwe?"

"Ipunguzwe sana?"

"Si sana. Kiasi cha ndege kupita."

Sasa nisikilizeni. Ukimwambia mtu wa pwani minazi ipunguzwe, anaelewa nini? Kwamba imesongamana, itolewe michache, mingine ibaki ikipata hewa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na hivyo ndivyo angeelewa mama yangu na mama yake. Nilikuwa nayo saba mizee, mirefu kupita yote, haizai tena ila jina. Nikajiambia, Mwanatumu, toa hiyo saba, muadhini atoke, watu wasali, nawe ubaki na ishirini na minne. Nikatia dole. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo, siwafichi, nilijiona mtu.

Jioni nikamweleza Salimu, nikararua kanga kuukuu, tukazunguka naye nikifunga kitambaa kwenye kila mnazi wa kukatwa. Saba. Yeye alikuwa amenishikia vitambaa. Alikuwa akitazama chini. Nilimwuliza, "Unaumwa?" akasema amechoka.

Jumanne walikuja wakwezi wawili kutoka Msambweni, na misumeno na kamba, na Nzai pamoja nao. Wazee wakaja kutazama: Mwalimu Suleiman, Abdurahman, na wengine kama kumi hivi. Muadhini naye alikuwapo, amefunguliwa siku mbili nyuma, akanishukuru mpaka machozi. Nikawapikia wakwezi chai. Nilikuwa namimina nilipoinua macho nikaona mmoja yuko juu ya mnazi usio na kitambaa.

"We bwana," nikamwita, "huo haumo."

"Yote imo, mama," akajibu kutoka juu, na msumeno ukaanza.

Nikaangusha birika. Kabla sijafika, kichwa cha mnazi kilikwisha kukatika, kikashuka kizima na makuti yake na madafu yake, ardhi ikatikisika. Ulibaki mti mtupu umesimama. Yule wa pili naye alikuwa akiukata wake. Nikamshika Nzai kwa kifua cha shati. Sikujali ni mtu wa serikali.

"Mnafanya nini? Ni saba tu, yenye vitambaa!"

Nzai alishangaa kweli, nilimwona. Akafungua karatasi. "Mama, humu haimo saba. Ni minazi yote, kila mmoja upunguzwe urefu futi kumi na tano. Si ndivyo ulivyokubali? Haikatwi chini. Inapunguzwa juu tu, kisha itachipua."

"Itachipua?"

"Eeh. Kwetu Kinango mti tunaukata matawi ya juu, mbuzi wanakula majani, mvua ikinyesha unachipua, tena mzuri zaidi."

Jamani. Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga, sikujua lipi lianze. Nikamwambia polepole, kama unavyomwambia mtoto, "Mwanangu, mnazi hauna tawi. Mnazi una kichwa kimoja. Ukikikata, umekufa. Hauchipui leo wala siku ya kiyama."

Rangi ikamtoka. Akawapigia wakwezi kelele wasimame. Wa pili ulikuwa umekwisha kuanguka. Pale juu msumeno ukanyamaza, na Nzai akawageukia wale wazee.

"Ni kweli anayosema?"

Abdurahman alikuwa akikuna kidevu.

"Nawauliza nyinyi. Barazani nilisimama mbele yenu nikaonyesha kwa mkono." Akainua mkono juu kabisa, kisha akaushusha mpaka kifuani, kiganja kimelala. "Hivi. Nikasema minazi ipunguzwe hivi. Nyinyi ni watu wa minazi. Mbona hamkuniambia itakufa?"

Nyuma ya ukuta sisi tulisikia neno tu. Wao mbele waliuona mkono. Ule ukimya wote niliodhani ni haya, kumbe ulikuwa wa watu wanaojua.

Abdurahman akasema, "Mimi niliulizwa habari ya ardhi. Ya minazi sikuulizwa."

"Mwalimu?" nikamwambia imamu. Yeye nilimheshimu, nilijua hatasema uongo.

Mwalimu Suleiman aliangalia chini. "Tulidhani umeelewa, Bi Mwanatumu. Tukasema mwenye mali amekubali, na watu wetu wamo jela."

"Ningeelewaje? Mliniweka nyuma ya makuti."

Nzai alikuwa akitoa jasho. Alikunja karatasi akaiweka mfukoni, akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo, kwa sababu nilitaraji yaniokoe.

"Nisikilizeni. Mimi nitakwenda Kwale sasa hivi. Nitamwambia Bwana Shauri kwamba kosa ni langu. Lakini ataniambia karani gani wewe, wanaume kumi na watano walikuona, wakakuelewa, mwanamke mmoja tu ndiye hakuelewa? Anataka shahidi. Nipeni mtu mmoja aliyekuwa mbele, aende nami akaseme: mkono tuliuona, tulijua minazi itakufa, tukanyamaza. Mmoja anatosha. Minazi ishirini na tisa itabaki."

Mtu mmoja. Aseme kweli tu, aone haya siku moja, basi. Nikawatazama mmoja mmoja. Muadhini, aliyetoka kunishukuru, akasema yeye siku ile alikuwa jela, na ni kweli, hakuwapo. Wengine wakageuza nyuso. Wakwezi juu ya minazi walikuwa wamejifunga kamba wakingoja, kama waliosahauliwa.

Ndipo nikamwona Salimu. Alikuwa amesimama nyuma ya wazee, mikono kifuani. Na mimi mjinga, mpaka saa ile sikuwa nimejiuliza. Mwanangu ni mwanamume. Siku ya baraza alikuwa amekaa wapi?

"Salimu," nikamwita. "Ulikuwa mbele?"

"Ndiyo, Mama."

"Mkono uliuona?"

Akasema, "Niliuona. Nilidhani wazee watasema. Wazee hawakusema."

"Na mimi nikafunga vitambaa, nawe unanishikia."

"Sikujua nianzeje, Mama."

Sikumkemea. Haki ya Mungu, sikumkemea. Niliona bado ipo nafasi, nikamwambia kwa upole ambao sijui niliutoa wapi, "Basi hujachelewa, baba. Nenda na Bwana Nzai. Sema ulichokiona, urudi."

Nzai akasogea karibu naye. "Twende, ndugu yangu. Baiskeli yangu iko pale."

Salimu akamtazama Mwalimu aliyemfundisha Kurani. Akamtazama Abdurahman, baba yake mkubwa. Akatazama kule kiwanjani, ambako Mzungu wa hoteli alikwisha kumwahidi kazi ya kupokea ndege, nami sikuwa nayo habari hiyo, niliipata baadaye. Nzai akamwomba tena. Mara ya tatu alimshika mkono, na mwanangu akautoa mkono wake taratibu, bila ubishi, kama alivyokuwa na tabia ya kufanya mambo yote.

"Mama," akasema, "usihangaike. Nitakujengea nyumba Kinondo."

"Juu ya ardhi ya nani?" nikamwuliza.

Nzai akawaashiria wakwezi kwa kichwa, bila kuinua macho. Misumeno ikaanza tena. Nilikaa kizingitini nikaisikia yote, mpaka alasiri, ishirini na tisa.

Ndege kubwa ilikuja mwezi uliofuata, na kweli haikupita juu ya msikiti. Mimi niliondoka kabla ya mvua, Abdurahman hakuwa na haja hata ya kunifukuza. Nakaa Kinondo kwa dada yangu Mwanarusi, chumba cha uani, chini ya minazi yake yeye. Nzai alikuja mara mbili kuniomba radhi, mtu wa Kinango asiyeujua mnazi, ametembea njia yote hiyo. Wazee nao walituma watu na sukari na maneno mazuri, nami niliwasamehe wote kabla ya Idi, hata Abdurahman. Wao ni watu tu. Huyu nilimzaa.

Salimu huja kila mwezi, amevaa shati jeupe la kazi. Husema, "Shikamoo, Mama," nami namwitikia marahaba, namwekea chakula. Hula akiangalia sahani, mimi nikimwangalia yeye, na akimaliza husema anachelewa ndege.