Mkoba wa Wodi ya Wakubwa

Mashine mpya ya kupiga picha za ndani ya mwili ilikaa mwezi mzima imefunikwa shuka kama biharusi, ikimngoja waziri. Nje, foleni ya wagonjwa nayo ilingoja, na kwenye foleni hiyo alikuwamo mdogo wa mfagiaji wa hospitali, anakojoa damu.

Siku ya siku waziri akaja na kamera zake. "Nileteeni mgonjwa," akasema, "ila awe wa kupendeza. Hawa wa nje wanatia huruma mno, wataniharibia uzinduzi."

Mfagiaji akatupa ufagio. Akachukua mkoba wa ngozi uliosahauliwa wodi ya wakubwa, wanakolazwa vigogo, akamtundikia mdogo wake begani.

"Dada, najikunja kwa maumivu!"

"Jikunjue! Tembea kama mtu aliyeshiba. Na usimsalimie mlinzi, atakushtukia."

Mlinzi, yule yule aliyemfukuza jana, akamfungulia mlango huku ameinama. Mashine ikaliona jiwe kwenye figo, kubwa kama punje ya hindi, na madaktari wakamlaza saa ileile, maana kamera zilikuwa bado zinatazama.

"Mnaona?" waziri akatamba. "Wenye uwezo hawaendi tena ng'ambo! Sera yetu ni mashine kumi zaidi." Habari za foleni hakuulizwa, naye hakujichongea.

Kesho yake mfagiaji akaupeleka mkoba kwenye foleni. Anayeingia anauvaa, akimaliza anampitishia mwenzake kwenye dirisha la choo. Mpaka leo mkoba umeshapimwa mara arobaini, na mlinzi anaapa hajamruhusu maskini hata mmoja.